Somoe na Udongo wa Kichuguu

Sogeeni, wajukuu zangu. Miguu ikunjeni, masikio yafungueni. Nawapeleka mbali, zama zile mto ulipokuwa ukipigiwa hodi kabla ya kuvukwa, na mamba wakiwajua watu kwa majina. Mnacheka? Chekeni. Sisi tuliposimuliwa nasi tulicheka.

Basi, katika bonde la mto ule palikuwa na mwanamke, jina lake Somoe. Mumewe, Mbonde, alikuwa amefariki, na Somoe ametoka eda juzijuzi tu. Mtoto hakujaliwa. Alichobakiwa nacho ni Mola wake, na nyumba ya miti na udongo aliyoijenga Mbonde kwa mikono yake.

Masika ya mwaka ule mto ukaja. Haukuja kwa kishindo, wanangu. Ulikuja kama mgeni mwenye adabu: ukafika uani, ukafika kizingitini, ukaingia chumbani, ukakaa. Somoe akapanda kwenye dungu, lile banda la juu ya nguzo ndefu la kulindia mpunga, yeye na kuku wake na mkeka wake wa kusalia. Kutoka huko juu akauona udongo wa nyumba yake ukianguka kipande kwa kipande, pwaa, pwaa, mpaka zikabaki nguzo na fito tu, kama samaki aliyekwisha kuliwa.

Maji yaliposhuka, shemeji yake, Mtupa, mdogo wa marehemu, akamjia.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Hama, uje kwangu mlimani. Nyumba ikishabaki mbavu, imekufa hiyo."

"Aliyekufa ni kaka yako. Nyumba inaumwa."

"Desturi unaijua, lakini. Mahindi ya mlau yakivunwa na nyumba haijasimama, kiwanja kinarudi kwetu."

"Naijua. Nawe kaa ukijua kwamba sijahama."

Mahindi ya mlau, wanangu, ni yale yanayopandwa kwenye tope mara mto unaporudi nyuma. Hukomaa upesi kuliko machozi kukauka.

Majirani wakamhurumia, wakaja kwa ujima. Wakachota tope lililokuwa pale pale mlangoni, lile ulilolileta mto. "Mto ulibomoa, mto utengeneze," wakasema, wakacheka. Wakaikandika nyumba nzima siku ile ile, wakala ubwabwa, wakaenda zao. Nyumba ikapendeza.

Ikapendeza mpaka jua lilipokaza. Ile miti ilikuwa bado imevimba kwa maji. Ikakauka ndani ya udongo, ikasinyaa, na lile tope laini kama unga likapasuka, nyufa za kuingiza mkono. Ukavuma upepo mmoja tu, kuta zote chini.

"Mwenzangu, mimi nahamia mlimani," akasema jirani yake, Nyamtema. "Kuanguka mara mbili ni onyo."

"Au ni somo," Somoe akamjibu.

Alijibu hivyo, lakini aliingia ndani ya zile mbavu akalia, nisiwafiche. Akamlilia Mbonde kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Halafu akatawadha, akasali adhuhuri. Alipotoa salamu, kulia, kushoto, jicho likaangukia kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba. Mto ulikuwa umepita juu yake kama ulivyopita juu ya kila kitu. Nacho kimesimama vile vile.

"Nyie mchwa," akasema polepole, "nani aliyewakandikia?"

Safari hii hakuharakisha. Aliiacha miti ikauke kwanza, huku akipika na kulala ndani ya nyumba isiyo na kuta.

"Somoe, funga mlango, tunakuona," wapita njia wakamtania.

"Pigeni hodi kwanza, mmekosa adabu," naye akawarudishia.

Miti ilipokauka, akachukua jembe na kapu, akashika njia ya kichuguu. Bismillahi, kapu moja. Akaumwaga udongo, akatia maji na majani makavu ya mpunga, akakanyaga, akauacha ulale. Bismillahi, kapu jingine. Jua kali, kapu. Mgongo unauma, kapu. Mahindi ya wenzake yanatoa ndevu, kapu. Mmechoka kusikia? Yeye alikuwa anabeba.

Mahindi yakavunwa. Jumbe wa bonde akaja pamoja na Mtupa kuitazama nyumba. Ukuta uliokwisha ni mmoja, ule wa mlangoni.

"Jumbe, hesabu mwenyewe," akasema Mtupa. "Hiyo si nyumba, ni pazia."

Jumbe alikuwa mtu mnene. Akatia bega, akasukuma. Ukuta haukutikisika. Yeye ndiye aliyerudi nyuma, kofia ikaanguka.

"Somoe, kuta nyingine ziko wapi?"

"Ziko kwenye kichuguu, Jumbe. Ninazileta."

Jumbe akaiokota kofia, akaipangusa, akaivaa. "Desturi inauliza kama nyumba imesimama," akasema. "Nimeisukuma, imesimama. Zilizobaki ni kazi, na kazi iliyo njiani mimi siihukumu."

Jumbe akaenda zake. Mtupa akabaki pale, anaukuna ukuta kwa ukucha, na ukuta haumpi hata vumbi. Mwisho akavua kanzu, akaitundika kwenye nguzo aliyoisimika kaka yake, akalichukua kapu.

"Shemeji, kichuguu chenyewe kipo wapi?"

"Fuata njia," akasema Somoe. "Nimeshaikanyaga, huwezi kupotea."

Ukuta wa mwisho ulikwisha masika mengine yakianza kunukia.

Wajukuu zangu, msiba ukikubomoa, usikandike haraka haraka ili watu wasizione mbavu zako. Acha miti ikauke. Halafu taja jina la Mola, ubebe unachokiweza leo. Babu yenu alipotutoka, Mola amrehemu, kisa hiki ndicho nilichojisimulia kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani.

Nimekifikisha. Kilikuwa changu, sasa ni chenu. Kibebeni vizuri, msikimwage njiani.