Karatasi ya Fisi Kisimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na majirani wambeya kama sisi, Bi Pimbi alitua ndoo yake, pu! Akatukana tusi ambalo sitawaambia.

Ndoo ya tatu hiyo tangu asubuhi. Mbili alimpelekea Fisi; hii moja ndiyo ya wanawe wanne, na midomo yao imepasuka kwa kiu.

Sheria ilikuwa karatasini. Marehemu Chifu Tembo aliiacha na muhuri wake, na kijiji kizima msomaji alikuwa Fisi peke yake.

"Achotaye moja, ampelekee Fisi mbili!" Husoma, kisha huirudisha mfukoni, chap!

Siku hiyo Bi Pimbi akamwendea, hasira ameifunika kwa tabasamu. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Karatasi tukufu hivyo unaifichia nini? Ibandike kisimani, watu waiogope!"

"Kweli! Nani ataisoma, mbumbumbu nyie? Kha kha kha!"

Akaibandika. Akamweka Nyati, askari wake mwenye shingo kama gogo, ailinde.

Sasa, kulikuwa na Bata, ameolewa juzi kutoka ng'ambo ya mto, na kwao alisoma mpaka darasa la nne. Akachota maji, akasoma, akarudi mbio. Akamnong'oneza Bi Pimbi.

"Miaka mitano!" Masharubu ya Bi Pimbi yakasimama. "Miaka mitano nambebea yule mchafu!"

"Nikawaambie watu, dada?"

"Ukisema peke yako, Nyati atakukanyaga. Kila mmoja aisome kwa macho yake!"

Bata alikuwa na herufi, hakuwa na pa kufundishia. Nungunungu akatoa uwanja wake wa kuanikia mihogo. Kima, fundi cherehani, akatoa chaki zake za kuchorea nguo. Kobe hakuwa na kitu. Akatoa mgongo uwe ubao.

"Taratibu, mnanitekenya!"

Mzee Ngiri akanuna. "Na mvi hizi, niimbe a-e-i-o-u?"

"Imba, mzee!" Bi Pimbi akamkaripia. "Au beba ndoo za Fisi mpaka kaburini!"

Akaimba, tena kwa sauti.

Kila aliyekwenda kuchota alisimama mbele ya karatasi akitafuna herufi. "Ki... si... ma..."

"Mnasali?" Nyati akauliza.

"Tunasali, afande."

Nyati, kwa kuchoka kusimama bure, akaanza kusali nao.

Mvua zikapita. Asubuhi moja Fisi akaja, tumbo mbele. "Kuanzia leo ndoo tatu! Karatasi imesema!"

Bi Pimbi akarukia ukingo wa kisima. "Imesema wapi? Onyesha!"

Fisi akaweka ukucha popote. "Hapa!"

"Haya, darasa!"

Sauti arobaini zikalipuka: "KI-SI-MA NI CHA WO-TE!"

Fisi akatoa meno. "Waongo! Nyati, wapige!"

Nyati hakusogea. Alikuwa ameinamia karatasi, pua inaigusa, jasho linamtiririka.

"Fi... si... ni... mli... nzi... tu."



Akageuka polepole, pembe mbele. "Mlinzi tu? Na mimi miaka yote nalinda nini, wewe?"

Vuuu! Fisi alikimbia mpaka leo hatujaambiwa aliposimama.

Nanyi shikeni hili: anayekusomea kila siku, jifunze na wenzako mpaka mmsomee yeye.