Kombe Lililofichwa Ng'ambo ya Mto

"Mlioketi, mpo?"

"Tupo!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Na kicheko je?"

"Tumekificha!"

"Basi kaeni nacho hapo hapo, tutakitafuta wote.

Hapo kale, katika msitu ulio mbali na njia za watu, aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, ukimtupia jicho mara moja utasema panya, lakini miguu yake ni ya kurukaruka na pua yake ni ndefu, haitulii, inanusa huku, inanusa kule, fu fu fu. Bi Sange alikuwa na binti wawili. Mkubwa aliitwa Tunu. Mdogo aliitwa Sikujua, kwa sababu alizaliwa siku ambayo hakuna aliyemtarajia, na baba yake alipoulizwa mbona hata kitanda cha majani hakijatandikwa, akasema, 'Jamani, mimi sikujua!' Jina likamganda mtoto.

Baba huyo hakuwepo tena. Kipanga alimchukua asubuhi moja nje ya shimo, Sikujua akitazama.

Tangu hapo watoto hawakutoka. Jua likichomoza, wamo shimoni. Jua likizama, wamo shimoni. Mama akienda kutafuta mchwa, wamo shimoni. Akirudi, wamo shimoni, wameegemeana kama walivyokuwa.

Bi Sange hakulia mbele yao. Lakini roho ilimuuma, maana sange hana pembe, hana kucha, hana meno ya kumtisha mtu. Sange ana njia zake tu. Njia nyembamba chini ya majani, amezifagia kwa miguu yake mwenyewe, anajua kila kona na kila mzizi. Adui akitokea, fyuu! Hayupo. Watoto wake walikuwa wanakua bila njia hata moja kichwani.

Aliwabembeleza. 'Twendeni wanangu, nje kuna upepo mzuri.'

'Hatutaki, mama.'

Akawakaripia. 'Leo mtatoka mtake msitake!'

Sikujua akatetemeka mpaka masharubu. Bi Sange akaona haya, akamvuta kifuani.

Siku moja huko nje akaokota kombe tupu la konokono, kubwa, jeupe. Akatia ndani mbegu nyekundu, akatia na kidonge cha udongo laini, akaziba mdomo kwa jani. Akalificha. Kisha akarudi shimoni, akajilaza, akasema kama anayeongea peke yake:

'Leo nimeficha kitu. Lakini simwambii mtu.'

Tunu akasimamisha masikio.

'Hata wakiniuliza, simwambii mtu.'

'Kitu gani?' akauliza Tunu.

'Mh! Nikisema, kutakuwa kumefichwa nini tena? Ninachoweza kusema ni hiki: fuata njia mpaka kwenye kichuguu. Hapo simama, sikiliza maji yako upande gani, ugeukie huko. Utaona jiwe lenye ufa. Pua ikiingia kwenye ufa, imekipata.'

Sikujua akainua kichwa. 'Ni mbali?'

'Ukipiga chafya hapa, inasikika kule.'

Sikujua akapiga chafya ya uongo, chya! Akasikiliza. Sijui alisikia nini, lakini alisimama.

Wakatoka. Tunu mbele, Sikujua nyuma ameng'ang'ania mkia wa dada yake, mama nyuma yao. Chaka chaka chaka, wakasimama, wakasikiliza. Chaka chaka chaka, wakasimama, wakasikiliza. Kwenye kichuguu wakageukia upande usio wenyewe, wakazunguka mti, wakajikuta palepale. Bi Sange alitamani kusema, akaumeza ulimi. Wakageuka tena. Jiwe hili hapa! Ufa huu hapa! Pua ya Sikujua ikaingia, ikatoka na vumbi.

'Limo! Mama, limo!'

Sauti hiyo Bi Sange alikuwa hajaisikia siku nyingi. Alijifanya anakuna sikio ili wasimwone macho.

'Naweza kuichukua hii mbegu?' akauliza Sikujua.

'Chukua. Lakini ukichukua kimoja, unaacha kimoja. Halafu unabonyeza mguu wako kwenye udongo, ajulikane aliyefika. Halafu unaziba, unalirudisha kama ulivyolikuta, asiyetafuta asilione.'

Sikujua hakuwa na kitu. Akageuka, akauma mkia wake mwenyewe, akang'oa unywele mmoja. Uwii! Akauweka ndani, akabonyeza mguu, akaziba kwa jani.

Kesho yake, mama hajafumbua jicho la pili, anaulizwa, 'Mama, umeficha tena?' Akaficha tena. Kwenye mkuyu. Kwenye gogo lililolala. Kwenye mizizi iliyo karibu na mto. Kila kombe lilikuwa na njia yake, na kila njia iliingia vichwani mwa watoto bila mtu kusema neno 'njia'. Mara Tunu akaanza kuficha. Mara Sikujua naye akaanza kuficha. Majirani wakasikia, wakataka nao. Kobe akaja na mkewe na watoto. Waliianza safari leo, wakafika kesho, wakafurahi vilevile. Kanga akaja na vifaranga vyake, ila huyo ilibidi aombwe apunguze sauti, maana kila akipata anapiga kelele mpaka msitu mzima unajua kombe liko wapi.

Na kelele hizo zikamfikia Nyegere.

Nyegere mnamjua? Mgongo mweupe, tumbo jeusi, kucha kama mundu. Nyuki wakimuuma, anacheka. Chui akimwona, anakumbuka shughuli nyingine. Alisikia neno 'kufichwa', akajiambia, 'Kinachofichwa ni kitamu.' Akaja, kwaru! kwaru! kwaru! Akafukua mizizi, akapasua makombe, akatupa mbegu na manyoya huku na huku. Alipoona hakuna cha kula, akakasirika, akaenda moja kwa moja kwenye shimo la Bi Sange.

'Wewe! Hazina ya kweli iko wapi? Lile kombe la kwenye mkuyu, nani kaficha?'

Bi Sange akasema kweli tupu: 'Sikujua.'

'Hukujua? Na lile la kwenye gogo, nani kaficha?'

'Sikujua, bwana mkubwa.'

Huko ndani Sikujua alisikia anaitwa mara ya pili, akafungua mdomo aitike 'Abee!' Tunu akamziba kwa mikono miwili.

'Mama gani wewe hujui kitu?' akanguruma Nyegere. 'Sikiliza. Kesho asubuhi nakuja. Utanionyesha kombe kubwa kuliko yote. Usiponionyesha, nafukua shimo hili, na nitakachokikuta ndani nakila.'

Akaenda zake. Bi Sange akabaki mlangoni. Kukimbia? Wapi, na watoto wadogo? Kudanganya? Mdomo anao, lakini mdomo peke yake hautoshi, panahitajika miguu. Na miguu iliyokuwepo ilikuwa ile ya watoto wake.

'Mama,' akasema Sikujua, 'si tumfichie?'

Bi Sange akamtazama. Huyu ndiye aliyekuwa hawezi kuchungulia mlangoni. Alitaka kusema hapana. Alitaka kuwalalia wote wawili kama kuku. Lakini akawaita karibu, akawanong'oneza la kufanya, na kila neno lilipomtoka lilikuwa zito. Kulipopambazuka, ngurumo za mvua zikisikika milimani, akaruka mawe, akavuka mto, akaacha kombe moja ng'ambo, ndani yake kidonge cha udongo tu.

Nyegere akaja. Kwapani kabeba furushi la masega ya asali, maana Nyegere hamwamini mtu na chakula chake.

'Anzia kwenye kichuguu,' akasema Bi Sange. 'Ukichukua kimoja, unaacha kimoja. Halafu nenda kwenye mkuyu.'

'Kuacha ni kwenu wadogo. Mimi nachukua.'

Akaenda kwenye kichuguu, kombe akaliona. Akachukua kilichomo, hakuacha kitu. Akaenda kwenye mkuyu. Hakuna kombe. Akanusa, akafukua, kwaru! kwaru! Hakuna kombe.

'Umenidanganya!'

'Kule nyuma uliacha nini?' akauliza Bi Sange kwa upole.

'Niache? Mimi?'

'Basi ndiyo maana halionekani.'

Nyegere akaguna. Akarudi kwenye kichuguu, akamega kipande cha sega kama ukucha, akakiweka. Akaja tena kwenye mkuyu. Kombe hilo hapo, limekaa!

Macho yakamtoka. Hakujua kwamba Tunu amepita chini ya majani, fyuu, akaliweka. Hakujua kwamba Sikujua amepita nyuma, fyuu, akalichukua sega.

Kwenye mkuyu akaacha kipande kikubwa zaidi. Kwenye gogo, kombe hilo hapo. Kwenye gogo akaacha jani kavu, ajaribu. Kwenye mizizi, hakuna kombe. Akarudi, akaacha nusu ya sega. Kwenye mizizi, kombe hilo hapo! Furushi likawa linanywea, tamaa ikawa inavimba. 'Kama yanajitokeza hivi,' akajisemea, 'lile kubwa litakuwaje?' Akaacha furushi lote.

Halafu akaingiwa na shaka, akageuka ghafla.

Katikati ya njia alisimama Sikujua, amekumbatia sega linalomzidi ukubwa.

Mtoto akaganda. Kivuli kikubwa juu yake, jicho linamtazama. Ilikuwa ni asubuhi ile ya kipanga tena. Miguu ikakataa. Nyegere akainua mkono wenye kucha. Bi Sange alikuwa mbali, hawezi kufika. Alikuwa na mdomo tu.

'Sikujuaaa!' akapiga yowe. 'Ni ng'ambo! Ni ng'ambo ya mto!'

Nyegere akasikia: 'Kumbe hakujua, sasa amejua! Iko ng'ambo!' Akashusha mkono, akatimua mbio. Na Sikujua akasikia jina lake kwa sauti ya mama yake, miguu ikamrudia. Kona ya kwanza, kona ya pili, chini ya mzizi, fyuu! Hayupo. Asali hakuiachia.

Nyegere akajitosa majini, chubwi! Akavuka. Wakati huo mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mto ukawa unakuja, mwekundu, unabeba magogo. Ukafunika mawe. Ukafunika mizizi. Nyegere akabaki ng'ambo.

Shimoni Bi Sange alimpapasa Sikujua kichwa, mgongo, mkia, akaanza tena kichwa. Asali ilikuwa imewaganda masharubu wote watatu, na kusema kweli sange hapendi asali. Lakini sisimizi walipoisikia harufu wakaja wenyewe, mistari kwa mistari, mpaka mlangoni. Hapo ndipo watu walipokula sisimizi! Bi Sange akacheka mpaka akapaliwa, na Tunu akampiga mgongoni.

Mvua zikaisha. Mto ukapungua. Siku moja Sikujua akasema, 'Mama, lile la ng'ambo hatujaenda kulitazama.'

Wakavuka, jiwe kwa jiwe. Wakanusa, wakasikiliza. Nyegere alikuwa ameshahamia mbali, nyayo zake zilikuwa za zamani. Kombe lilikuwa pale pale. Halikupasuliwa. Mdomo umezibwa kwa jani, kombokombo, kazi ya mikono isiyozoea. Ndani, udongo wote ulikuwa umejaa alama ya kidole kimoja kikubwa. Na juu yake kipande cha sega jingine, la nyuki wa ng'ambo, kimeng'atwa upande.

Sikujua akakinusa. 'Mama, ameacha mwenyewe? Bila kuambiwa?'

Bi Sange akaligeuza kombe. 'Na kuchukua amechukua nini?' akauliza.

Sikujua akachungulia. 'Hakukuwa na kitu cha kuchukua.'

Tunu naye akachungulia. Kisha Sikujua akageuka, akauma mkia wake, uwii, akatia unywele ndani ya kombe. Akabonyeza mguu wake mdogo pembeni ya kile kidole kikubwa. Akaziba vizuri kwa jani, akalirudisha.

Haya, funzo la ngano hii mnalitaka?"

"Tunalitaka!"

"Funzo ni hili: kaeni ndani! Nje kuna vipanga, nje kuna nyegere, nje kuna vumbi la puani. Msifuate njia, msichungulie nyufa za mawe, na mtu akiwaambia ameficha kitu, laleni. Mmesikia?"

"Hatujasikia!"

"Vizuri sana. Ngano yangu nimeifukia hapa hapa. Atakayeitaka aitafute. Akiichukua..."

"Aache yake!"