Flashi ya Mkwe wa Mwenyekiti

"Mtoe mgeni ndipo umhukumu mwenyeji." Hivyo ndivyo alivyosema Mama Mchungaji leo kikaoni, nanyi vijana mkaangaliana kama mmesikia tusi. Nimemsikia mmoja wenu akinong'ona kwamba watu wa Mkanyeni hawana ukarimu, maana shuleni mmefundishwa "mgeni njoo, mwenyeji apone." Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Mmefika kwa mwenyewe. Methali hii haikutoka kwa mababu. Ina miaka kumi na minane tu, na kinywa kilichoitamka kwanza ni hiki changu, nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha yote. Kaeni niwaambie ilivyozaliwa.

Mwaka ule nilikuwa karani wa kamati ya maji. Ndiva yetu mnaijua: maji ya kijito yanakusanywa humo usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, na kila kaya ina zamu yake. Kaya zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Orodha ya zamu ilituchukua misimu mitatu kukubaliana. Misimu mitatu! Watu walishikana mashati, ndugu wa tumbo moja wakanyimana salamu, na mimi ndiye niliyepanda na kushuka mlima huu kuwasihi mmoja mmoja mpaka wote wakatia dole gumba. Shamba langu liko mwisho kabisa wa mfereji. Ndiva ikiwa imejaa pomoni, siku ya kwanza ya msimu, ndiyo siku pekee maji yanayofika kwangu yakiwa na nguvu. Kwa hiyo nilipewa Jumatatu ya kwanza, na kila mtu aliona ni haki.

Kisha mfadhili mmoja akatuletea kompyuta. Mwenyekiti wetu, Mzee Mrindoko, alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Mkewe akaifumia kitambaa cheupe chenye maua. Mimi nikafundishwa kuchapa, nikachapa orodha yote kwa vidole viwili, wiki nzima. Nilipomaliza, Mwenyekiti akachukua yale makaratasi yenye madole gumba akampa mkewe awashie jiko.

"Karani," akaniambia, "sasa tumeingia karne mpya."

Nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, na nalikubali mbele yenu. Kuanzia siku hiyo orodha ikawa mahali pamoja tu, kwenye diski iliyokuwa ndani ya lile boksi.

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua ndiva, Mwenyekiti akapata mgeni. Alikuwa Mzee Senkondo, mwalimu mstaafu kutoka Korogwe, baba wa kijana aliyekuwa akimposa binti wa Mwenyekiti. Mambo ya posa yalikuwa bado mabichi, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Mgeni akitaka maji, yameshachemshwa. Mgeni akikohoa, watu wanne wanasimama. Siku ya Ijumaa alisema angependa kuandika hotuba ya siku ya kuvishana pete, basi akaletwa ofisini kwangu. Nikampisha kiti. Akachomeka flashi yake nyeusi pale mbele ya boksi, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kabla hajamaliza, umeme ukakatika.

"Iacheni hapo hapo," akasema akiionyesha flashi kwa fimbo yake. "Nitarudi kumalizia. Msiiguse, ina mambo yangu."

Akaenda zake kula.

Jumamosi asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Nikabonyeza kitufe nitoe orodha niibandike mlangoni, kama tulivyokubaliana. Kompyuta ikaguruma, taa zikawaka, halafu kioo kikabaki cheusi chenye mstari mmoja wa Kiingereza ukisema kwamba mashine haioni mfumo wa kuiwasha. Nikazima, nikawasha. Mstari ule ule. Nikachomoa waya wa umeme, nikahesabu mpaka mia, nikaurudisha. Mstari ule ule. Nikafika mahali pa kuibembeleza kwa Kipare, nayo ikanitazama tu.

Mwenyekiti akaja. Akaipiga kofi ubavuni. Mweka hazina akaja, akasema ni vumbi, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu wa sayansi akaja, akasema ni joto, tukaipepea kwa gazeti watu wazima watatu. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alipomaliza la kwake aligeuka akaniangalia mimi. "Karani, jana uliifanya nini?" Niliulizwa hivyo mara saba kwa siku moja. Nilisema aliyekaa mwisho kwenye kiti hiki si mimi, ni mgeni. Mwenyekiti akanikata kauli hapo hapo.

"Mgeni hahojiwi, Mama Nakiete. Unataka posa ya binti yangu ivunjike?"

Jumapili baada ya ibada akaletwa fundi kutoka Same, kijana aitwaye Kiangi, na begi lake la bisibisi. Akafungua boksi. Akachomoa kadi za ndani, akazisugua kwa kifutio cha penseli, akazirudisha. Hakuna kitu. Akatega sikio kwenye diski, akasema inazunguka vizuri. Akachomoa waya wa kibodi, akachomoa wa kipanya, akachomoa wa printa. Halafu mkono wake ukaenda kwenye ile flashi.

"Hiki kidude ni cha nani?"

"Usikiguse!" Mwenyekiti akaruka. "Hicho ni cha mkwe wangu. Alisema kisiguswe."

Kiangi akamtazama Mwenyekiti, akaitazama flashi, mkono wake ukarudi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nikaona, nikanyamaza kwa mara ya pili. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule wa kwenye boksi alikuwa ametimiza siku ya tatu, na watu wazima na akili zao walikuwa wanamzunguka kama yai.

"Basi itakuwa diski," Kiangi akasema kwa sauti ndogo. "Dawa yake ni kuipiga windo upya."

"Orodha yangu itabaki?" nikauliza.

"Kupiga windo ni kuanza upya, Mama. Vilivyomo vinafutika."

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba kesho alfajiri watu watakuwa langoni, na hakuna mahali pengine duniani ilipoandikwa zamu ya mtu yeyote. Nilisema mbele yao wote: aitwe mgeni, aulizwe, kitu chake kitolewe kwanza. Mwenyekiti akasema mgeni amelala baada ya chakula, haamshwi kwa ajili ya mashine. Akamgeukia fundi.

"Diski imekufa, umesema mwenyewe. Piga."

Kiangi akaingiza CD yake, akapiga. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia kioo kikihesabu asilimia, moja baada ya nyingine, na kila asilimia nilijua ni kaya. Ilipofika mia, fundi akatoa CD yake akaiwasha mashine.

Mstari ule ule. Haioni mfumo wa kuiwasha.

 Diski ilikuwa mpya kama sahani iliyooshwa, haina hata herufi moja ya zamani, na ugonjwa uko pale pale. Kiangi akaanza kufuta jasho. Ndipo Mzee Senkondo akaingia, ameshaoga, fimbo mkononi, meno yanachokonolewa kwa njiti.

"Hamjambo? Nimefuata flashi yangu. Hotuba nitaimalizia nyumbani kwa mkono."

Akainama, akaichomoa, akaitia mfuko wa shati. Halafu, kwa kuwa ni mwalimu na vidole vya walimu havitulii, akabonyeza kitufe. Mashine ikaguruma, ikapiga kamlio kake, ikawaka vizuri kabisa. Kioo kikawa cha bluu, kisafi, kitupu.

"Mbona inawaka?" Mwenyekiti akauliza.

Kiangi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mashine hizi, Mzee, zikiamka zinamuuliza kwanza mgeni. Kama kuna CD inauliza CD, kama kuna flashi inauliza flashi. Flashi isipokuwa na la kujibu, mashine inakwama hapo hapo mlangoni. Diski haiulizwi kabisa."

"Kwa hiyo diski haikufa," nikasema.

"Haikufa, Mama."

"Na wewe ulijua tangu uliponyoosha mkono?"

"Nilihisi, Mama. Lakini Mwenyekiti alisema nisiguse."

"Na ukaifuta orodha yangu."

 Mzee Senkondo akatutazama mmoja mmoja, amestaajabu kweli. "Ilikuwa inawasumbua? Si mngeitoa tu! Mimi ningekasirika kwa flashi?"

Jamani. Ningeweza kumtupia boksi lote. Alikuwa mwema, yule mzee. Kumuuliza kungetuchukua dakika moja.

Jumatatu alfajiri langoni palikuwa na majembe mengi kuliko watu. Kila aliyefika alisema zamu ya kwanza ni yake, na hapakuwa na karatasi ya kumbishia. Mwenyekiti akapanda kwenye jiwe, akatangaza kwamba orodha imepotea kwa sababu karani ameiharibu kompyuta. Sikupata nafasi hata ya kufungua mdomo. Wenye sauti kubwa walipata maji ya kwanza, na wenye ndugu wengi walipata ya pili. Mimi mjane mwenye binti mmoja nilipangiwa siku ya mwisho ya mzunguko. Siku hiyo ilipofika, maji yalishuka mpaka kwenye mgomba wa jirani yangu yakaishia hapo, yakazama ardhini nikiyaona. Mahindi yangu yalikuwa yananifika kiunoni. Yalikauka yakisimama.

Kisha wakaniita kwenye kikao kunihukumu. Mweka hazina akasoma shitaka, kwamba nilishindwa kutunza mali ya kamati. Mwenyekiti aliketi mbele, na kando yake, kwenye kiti chenye mto, aliketi Mzee Senkondo aliyekuja kumalizia mahari. Wakaniuliza kama nina la kujitetea. Nilikuwa nimetoka shambani kung'oa mabua, mikono bado ina vumbi.

Nikasimama, nikasema, "Mtoe mgeni ndipo umhukumu mwenyeji."

Nikaketi. Kiangi, aliyeitwa kama shahidi, ndiye aliyeinamisha uso wa kwanza. Wazee wakafuatia, mmoja mmoja. Mzee Senkondo akageuka akamtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu, halafu akainuka, akaja mpaka nilipo na kuniambia, "Mama, nisamehe. Sikuambiwa." Ni yeye pekee aliyewahi kuniomba radhi. Ukarani walininyang'anya hivyo hivyo, maana ilishaandikwa kwenye ajenda.

Sasa msiende kuitumia methali yangu kumfukuzia shemeji, kama wale wa bondeni wanavyofanya, wananiudhi sana. Mgeni mpokee, mpe kiti, mpe nyama ya paja. Lakini jambo likiharibika nyumbani, usimzunguke yeye kwa kumwonea haya ukaenda kumchinja wa ndani kwa kuwa wa ndani huoni haya kumchinja. Diski ilikuwa nzima, na kila kilichokuwamo kilikuwa salama, mpaka tulipoihukumu. Mtoe mgeni ndipo umhukumu mwenyeji.