Ukitaka Mkoba, Katazame Mkonge

Ukitaka mkoba, katazame mkonge. Ndiyo, ndivyo nilivyosema, wala ulimi haukuteleza. Kilelu ananiuliza maana yake, naye mgongoni ana begi jipya la kupandia mlima Vuria, lenye kibandiko kinachodai limetengenezwa bila kuumiza misitu. Huenda ni kweli. Lakini kibandiko nacho kina mdomo, mjukuu wangu, na mwenye mdomo hakosi la kusema. Njia bado imefunikwa na ukungu. Kaeni, niwaambie neno hili lilizaliwaje.

Enzi za bibi yangu ukame uliipiga milima hii ya Taita hata watu wakala mbegu. Mbegu, wanangu! Mkulima akila mbegu, ujue hana pengine pa kugusa. Kisha mawingu yakaanza kukusanyika, na kijiji kizima hakikuwa na punje ya kutia ardhini. Malemba na mdogo wake Mwambi walikuwa na mjomba ng'ambo ya Vuria, naye alituma neno: mahindi ya mbegu yapo, njooni mchukue. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, kwa njia nyembamba inayopita ubavuni mwa jabali. Huko hakupiti punda. Kilichotakiwa ni mikoba ya mgongoni.

Mwambi alikwenda sokoni kwa Righa. Mikoba ya Righa ilikuwa myekundu, inang'aa, na ilikuwa mingi. Alichagua wa kwanza kumpendeza, akarudi anapiga mluzi.

Malemba naye alitaka huohuo mwekundu, lakini mama yake alimwamuru aende kwa Wughanga, bikizee aliyesuka polepole hata watu wakamtania kwamba mkoba wake huagizwa na mtu, ukachukuliwa na mjukuu wake. Bahati nzuri alikuwa nao mmoja, rangi yake ya kijivujivu kama ngozi ya punda.

"Nyanya, niuzie huo," Malemba alisema.

"Kwanza twende ukautazame mkonge wake."

"Mkonge ni mkonge tu, nyanya! Mawingu yale hayanisubiri."

"Basi yafuate. Mkoba wangu hautakufuata."

Malemba alisonya, lakini kimoyomoyo, maana mkubwa hasonywi. Akamfuata hadi nyuma ya nyumba. Mikonge ilikuwa imesimama mstari. Majani ya chini yalikuwa yamekatwa, ya juu yameachwa mengi, yameuzunguka ule mshale wa katikati ambao majani mapya hutokea.

"Hawa nimewapunguza, sikuwanyoa," alisema Wughanga, akiigusa mmoja mmoja kama anayesalimia wageni. "Ukiuacha mkonge na nguvu zake, jani linakomaa, na uzi wake unakuwa mgumu. Sasa tazama kule."

Ng'ambo ya kijito palikuwa shamba la Righa. Mikonge yake ilikuwa imenyolewa, imebaki mishale mitupu, na vijani vilivyochipua vilikuwa vifupi, vya manjano.

"Mwenye njaa hivyo atakupa uzi gani?" Wughanga aliuliza.

Kisha akarudi ndani, akaitundika mikanda ya mkoba kwenye boriti, akaing'ang'ania, akaning'inia mzimamzima, miguu hewani. "Nikianguka," alisema akibembea, "usininunulie dawa, ninunulie sanda." Malemba alicheka mpaka hasira ikamtoka. Akamlipa kwa kuku wake, akachukua mkoba.

Kwa mjomba walifika salama, wakajaza mbegu, wakageuza. Walipokuwa katikati ya jabali mvua ikaanza, na ukungu ukawafunika. Mwambi alikuwa mbele. Ghafla Malemba akasikia kitu kikichanika, akaona mbegu zinamwagika kutoka mkoba mwekundu, zinaruka juu ya mwamba, zinapotelea chini. Alijirusha kuzidaka. Jiwe lilikuwa na ukoga. Mguu ukateleza, naye akaenda.

Hakwenda mbali. Mkoba ulinasa kwenye kisiki kilichochomoza jabalini, na Malemba akabaki ananing'inia, mikanda imempita makwapani, mbegu zote mgongoni. Aliisikia mikanda ikilia. Akangoja ikatike. Haikukatika.

Hapo ukungu ukafunguka. Chini ya miguu yake aliiona nyika yote hadi Tsavo, na mvua inatembea juu yake kama mtu mwenye shamba lake. Mbali kabisa Kilimanjaro ulikuwa umesimama, mweupe, hauna haraka. Malemba alisema baadaye kwamba hofu ilimtoka akabaki na mshangao tu. Dunia kubwa kiasi hicho, naye ameshikwa na nini? Na majani. Majani yaliyokomaa kwa sababu kikongwe mmoja alikataa kuyaharakisha.

"Dada, usitikisike!" Mwambi alilia, amelala kifudifudi, mkono umefika kwenye mkanda. "Nakuvuta!"

Alimvuta. Walilia pamoja, kisha wakashuka, mmoja na mkoba, mwenzake na tambara jekundu mkononi.

Kijiji kilikuwa kinawangoja njiani. Watu walitazama mgongo wa Mwambi, mioyo ikawaanguka, kisha wakauona wa Malemba. Mbegu za mkoba mmoja ziligawanywa kiganja kwa kiganja, nyumba kwa nyumba. Mahindi mliyokula nyumbani asubuhi hii, bibi yangu aliapa, ni vitukuu vya mbegu hizo. Mimi huamini, na kila nikimenya hindi mikono hunisita kidogo.

Lakini Malemba hakungoja kugawiwa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Wughanga, na mvua inamnyea, akasimama mbele ya mikonge ile. Pale majani ya mkoba wake yalipokatwa, jeraha lilikuwa limekauka, na katikati mshale ulikuwa unafungua jani jipya. Akapiga magoti kwenye tope. Wasichana waliomfuata mbio walifika wakihema, wakamshika bega.

"Malemba, mkoba huu! Tuambie, na sisi tukauchague wapi?"

Hakugeuka. Alinyoosha kidole tu, akasema taratibu:

"Ukitaka mkoba, katazame mkonge."