Ndoo Nne za Bwanaharusi

"Ukimhamisha samaki, mchotee na maji yake." Mmeisikia asubuhi hii bibi yenu alipokataa kupanda gari bila kinu chake, nanyi mkacheka eti Dodoma nako vinu viko. Haya, wekeni hayo maboksi chini mkae juu yake. Mizigo haina miguu. Methali hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Palikuwa na muuguzi mmoja wa Lushoto, jina lake Mwantumu. Watu husema usafi ni nusu ya imani. Kwa Mwantumu ulikuwa imani nzima. Baba yake, Mzee Mwinjuma, aliishi peke yake Tanga tangu mkewe afariki. Mwaka ule alianguka bafuni mara mbili, na mara ya pili alilala sakafuni mpaka jirani yake, Mzee Mbaruku, alipokuja kutaka marudiano ya bao akamkuta. Mwantumu akasema basi, baba anahamia mlimani.

Mzee hakutaka. Maisha yake yote alikuwa mtunza samaki wa maonyesho, na alipostaafu alipewa tangi dogo la akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Ndani yake alikuza matumbawe, kaa mmoja anayebeba nyumba mgongoni, na samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Marehemu mkewe ndiye aliyempa samaki yule jina la Bwanaharusi, kwa sababu kutwa anazunguka na mavazi yake akisubiri kutazamwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mzee. "Hawa wakifika wazima, nami nitakaa huko kwako. Wakifa njiani, unanirudisha nyumbani kwangu."

"Nimekubali, baba," alijibu Mwantumu upesi upesi, kama mtu ambaye hajawahi kuhamisha bahari.

Siku ya safari alikuja dereva Hoza na gari lake la Noah, ambalo kwa kawaida hushusha kabichi kutoka Lushoto.

"Mzee, mimi nimezoea kabichi," alisema Hoza. "Kabichi haifi ukikata kona."

"Leo kata kona kama umempakia mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha kukimbia!"

Wakati wao wanacheka, Mwantumu alishakunja mikono ya gauni. Alikuwa na brashi mkono mmoja, na mkono wa pili jiwe la tumbawe.

"Weka!" mzee alipiga kelele.

"Baba, limeota uchafu."

"Hao ndio wenye nyumba. Vijidudu usivyoviona vinakula taka za samaki. Ukivisugua, Bwanaharusi atakufa ndani ya maji safi kabisa."

"Na haya maji ya manjano? Si tuyamwage, tuchote mapya?"

"Ukimhamisha samaki, mchotee na maji yake," alisema mzee. "Mapya ataongezewa taratibu, akishazoea. Na hizo ndoo zako zenye harufu ya dawa zipeleke mbali. Nataka ambazo hazijaonja sabuni."

Wakajaza ndoo nne. Mbili za maji matupu, moja ya mawe yaliyozama yasipigwe na hewa, na moja ya Bwanaharusi na kaa wake, yenye mfuniko na kipampu cha betri cha kupuliza hewa. Tangi lenyewe likabaki na mchanga na maji ya kuulowanisha tu, maana likibebwa limejaa, maji yakianza kucheza, viungio vinaachia. Wakalizungushia blanketi, kwa kuwa akriliki huchubuka kama ngozi ya mtoto, wakaliweka juu ya ubao ulionyooka.

Gari likajaa. Kiti cha ukili cha mzee hakikuingia, wala redio yake, wala bao. Mwantumu, tuseme kweli, alifurahi.

"Mwachie Mzee Mbaruku, baba. Kule nimekununulia kila kitu kipya."

Mzee alikitazama kile kiti, akapanda gari.

Mombo walisimama, mzee akafungua mfuniko na kutia kiwiko majini kupima joto, kama mama anayemwogesha mtoto. Walipopanda kuelekea Soni baridi ikaanza kuuma. Mzee alivua koti akaivika ndoo. Mwantumu akamtazama baba yake anavyotetemeka, akavua kitenge chake akamfunika yeye.

Walipofika, walirudisha mawe, kisha maji yale yale, kisha samaki. Bwanaharusi akalala ubavu. Mwantumu ameona watu wengi wakikata roho, lakini siku hiyo alishika ukingo wa meza na kusahau kupumua. Ikapita nusu saa. Samaki akatikisa pezi, akajiinua, akaanza kuzunguka na mavazi yake.

"Haya," alisema mzee. "Nitakaa."

Akakaa, maana alikuwa mtu wa ahadi. Alikaa kwenye ncha ya sofa mpya, kama mgeni anayesubiri kuagwa. Wiki ya kwanza aliacha uji nusu. Wiki ya pili aliuacha wote. Wiki ya tatu suruali ikahitaji kamba. Mwantumu akampima presha, akampima sukari, akampima kila kinachopimika. Vyote vizuri, na mzee anakwisha.

Asubuhi moja alimkuta mbele ya tangi.

"Baba, Bwanaharusi anakula vizuri. Wewe mbona huli?"

"Yeye alikuja na maji yake," alisema mzee. Hakusema kwa lawama. Alisema kama anayejibu ni saa ngapi.

Mwantumu alitoka nje akasimama katikati ya mashuka aliyoanika, meupe, yasiyo na doa. Kumbe alikuwa amemsugua baba yake kama lile jiwe la tumbawe. Alilia, akafuta uso kwa shuka safi, jambo ambalo hajapata kulifanya, kisha akampigia simu Hoza.

Jumamosi Noah ikaingia uani. Kikashuka kiti cha ukili, na vumbi lake. Ikashuka redio iliyofungwa kwa mpira, likashuka bao. Mwisho akashuka Mzee Mbaruku mwenyewe, amezungushiwa blanketi mpaka masikioni.

"Huyu nimemfunika tangu Soni," alisema Hoza, "ila mfuniko wa mdomo sikuupata!"

"Mwinjuma!" aliita Mbaruku. "Ulikimbia mchezo ukiwa umefungwa mbili!"

"Mbili za wapi, mwongo mkubwa wewe? Kaa hapo!"

Mbaruku alikaa siku tisa, na baada ya hapo akawa anapanda na Noah kila mwezi. Siku ile ya kwanza, Mzee Mwinjuma aliketi kwenye kiti chake, akaegemea mpaka ukili ukalia, akasema bila kuinua macho kwenye bao:

"Mwantumu, mama, ule uji bado upo?"

Basi nendeni mkakibebe hicho kinu, na mchi wake msiusahau. Wala asikioshe mtu. Ukimhamisha samaki, mchotee na maji yake.