Kwa Nini Okidi Huchanua Kipupwe, Juu Mtini

Mnaulizana kwa nini okidi ya mlimani hukaa juu mtini kama mgeni aliyekataa kukaribishwa ndani, tena ikachanua wakati wa baridi, mvua zimekwisha na mimea mingine imejikunyata. Haikuwa hivyo zamani.

Zamani okidi ilikuwa mmea wa nyumbani. Kila ukoo ulikuwa na wake, umeoteshwa chunguni, na mtoto alipozaliwa chungu kiliwekwa kando ya mamaye hadi ua lifunguke. Hapo nyanya alikiinua, akaligusisha ua kwenye paji la mtoto, ndipo akamtaja jina. Ua halikukatwa, kwa kuwa jina la ua lililokatwa halikudumu. Kabla ya hapo mama na mwana hawakuvuka kizingiti. Na mvua mpya zikianza mtoto hana jina, ndugu za mama walikuja kuwachukua wote wawili, wakarudi nao kwao.

Sasa, nyanya mmoja, Subilaga, alikuwa na mjukuu mmoja tu, binti wa mwanawe wa pekee na mkewe Sekela. Alimpenda mjukuu huyo hadi akawachosha majirani kwa kumsifia. Mtoto alizaliwa masika yakiisha, na okidi ya Subilaga haikuwa na hata dalili ya ua.

Akaimwagilia. Baridi ilipoingia aliogopa isije ikafa, akaisogeza karibu na meko, akainywesha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Okidi ikanawiri, ikatoa majani mapana yanayong'aa. Ua, hakuna.

Subilaga akachanganyikiwa. Jirani alimwambia aongeze maji, akaongeza. Wifi yake alimwambia aongeze samadi, akaongeza. Shangazi yake akamwambia aifunike isionwe na macho ya watu, akaifunika kwa kapu, nayo ikazidi kunenepa gizani. Ushauri ukimalizika, aliichutamia na kuiuliza, "Nimekukosea nini? Nikupe nini tena?" Kila alipoona wingu juu ya mlima, moyo ulimlipuka.

Sekela alikuwa humo humo ndani, kando ya chungu, akilishwa uji na ndizi tangu alfajiri.

"Mama, naomba niseme neno."

"Sema, mwanangu."

"Huyu wa chunguni na mimi tuko sawa. Tunakula, tunakunywa, tunaota moto. Nimenenepa, lakini hata wimbo wa kumbembeleza mtoto haunitoki. Labda naye haoni sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kuchanua, Mama. Mwenye shibe ana haja gani?"

Subilaga alisema uzazi umemvuruga akili, akachukua kibuyu, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, chungu kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amelala mkekani, na Sekela, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alikuwa nje. Alikuwa ameing'oa okidi na kuifunga kwa kamba ya mgomba kwenye panda ya mkuyu uliopukutika majani. Subilaga akapiga yowe, akakimbilia mti.

"Mama," Sekela akamwambia, "ukiirudisha ndani itachanua?"

Subilaga akaishika kamba, asiifungue.

"Basi iache. Wala usiimwagilie. Umande utaitosha."

Akaiacha, kwa kuishiwa akili tu, si kwa kuamini. Usiku ilianguka sakitu, ule umande ulioganda, mchana jua likapenya kati ya matawi matupu. Majani yale manene yakasinyaa. Subilaga alikuwa akifika chini ya mti na kibuyu chake, anasimama, anarudi nacho kimejaa. "Namuua," alijisemea, "na mjukuu namkosa vilevile." Kisha ubavuni mwa mmea ule mkondefu kikachomoza kikonyo chembamba. Aliona, hakuelewa, akaogopa hata kukigusa.

Siku ndugu za Sekela walipoonekana wakipanda mlima, mawingu meusi nyuma yao, ua la kwanza lilikuwa limefunguka, jeupe pe.

Subilaga akapindua kinu, akapanda juu yake kuishusha okidi. Haikushuka. Mizizi ilikuwa imelishika gome, na kuivuta kulikuwa ni kuivunja pamoja na ua lake. Akautazama mlango, akawatazama wageni. Mtoto asiye na jina havuki kizingiti, na asipovuka hapati jina. Walikuwa tayari wanabisha hodi.

Hakuwaitikia. Aliingia ndani, akambeba mjukuu wake, akatoka naye mbele ya watu wote. Akapanda tena juu ya kinu, akamwinua hadi paji lake likaligusa ua, akasema, "Tusekile."

Wageni wakanong'onezana, lakini jina lilikuwa limekwisha kutamkwa. Walipewa chakula wakala, wakarudi kwao na mvua, peke yao.

Subilaga hakuelewa mpaka anaingia kaburini. "Nilimpa kila kitu akaninunia," alikuwa akisema, "nikamnyima, akanipa. Nielezeni basi!"

Na tangu siku hiyo okidi ya mlimani haijarudi chunguni. Hunywa masika ikashiba, kisha hungoja kiu, baridi na jua la kipupwe ndipo ichanue. Na kwetu ua haliletwi tena kwa mtoto. Mtoto ndiye anayevushwa kizingiti, bado hana jina, akapelekwa kwa ua.