Nyani Daktari na Mti Uliobaki Uchi

Haya, sogeeni, kaeni chini, msikilize. Anayetafuna muwa atafune kwa adabu. Nikisema "Ngano!" nyie mnasema "Imwage!"

Ngano!

Imwage!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na akili kutuzidi (wala haikuwa kazi ngumu), mlimani kwenye baridi kulikuwa na mti mmoja. Majani yake sumu. Mbegu zake sumu. Gome lake dawa ya uvimbe. Mti mmoja, tabia mbili, kama shemeji yako.

Mama Paa alikuwa na mtoto mmoja tu, ana uvimbe shingoni, hata maziwa hayapiti. Akaenda kwa Hondohondo, ndege mlinzi wa mti.

Hondohondo akabandua kipande kimoja cha gome, upande wa mawio, akaupaka mti tope pale penye jeraha. Akachemsha, akaonja kwanza yeye. Ndiyo mila ya kule: mganga asipoonja, mgonjwa hanywi.

"Mwezi ukiandama uje uchukue cha pili," akasema. "Uvimbe huu una tabia ya kurudi."

Mtoto akanywa, uvimbe ukanywea. Nyani akaona. Bwana we! Usiku Hondohondo amelala, akaubandua mti wote, chini mpaka juu, ukabaki uchi. Magome akayafunga vifurushi, akachanganya na majani ili vinenepe. Akajiita Daktari. Alisomea wapi? Usiulize, utamvunja moyo.

Mwezi ukaandama. Mama Paa akaukuta mti umekauka. Akaenda kupanga foleni kwa Nyani. Malipo? Kumtoa daktari chawa kwa meno. Akamtoa mpaka taya likafa ganzi.

Akapewa kifurushi.

"Onja kwanza, daktari."

"Nimeshiba, mama."

"Onja, daktari."

"Jino linaniuma, mama'angu."

"Onja basi, daktari. Kidogo tu."

Ngiri akacheka kule nyuma: "Oyaa, daktari anaiogopa dawa yake!"

Nyani na sifa! "Niogope? Mimi?" Akakipokonya kifurushi, akabugia chote, majani kwa magome.

Moyo ukaanza kwenda kwa kusuasua. Pua chini, pu! Daktari bingwa huyo, kalazwa na dawa yake mwenyewe.

Foleni ikavamia vifurushi. Mama Paa akapata kimoja, akatupa majani yote, akabaki na magome vipande viwili. Kimoja akachemsha, akaonja, akamnywesha mwanawe. Mtoto akapona. Cha pili akakificha, maana uvimbe ule hurudi, na mti haupo tena.

Nyani naye hakufa. Watu wa aina hiyo hawafi haraka. Siku moja huyo mlangoni, uvimbe shingoni kama embe.

"Mama Paa, mama yangu mzazi, nasikia una kipande."

Funzo ni hili: dawa na sumu hukaa mti mmoja, na asiyethubutu kuonja dawa yake usimkabidhi mwanao.

Ngano yangu naitundika hapo. Ila hebu semeni: kipande ni kimoja, mtoto anacheza uani, Nyani analia mlangoni. Ungekuwa wewe Mama Paa, ungempa?